Besi ya laki nne inayopiga kama ya milioni

Barua za mwezi huu zimetoka pande zote za Ziwa Victoria, na karibu zote zinarudi kwenye jambo moja: mtu mwenye fedha kidogo atalipataje gitaa la besi ambalo halitamtia aibu mbele ya watu? Nimechagua barua sita, na wengine waliouliza yale yale watapata jibu lao humo humo. Niwaombe radhi wale waliotaka niwatajie duka, kwa kuwa katika safu hii tunazungumzia magitaa, si maduka.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga besi wa kwaya ya vijana huku Igoma. Tumechangishana mpaka tumefikisha sh. 450,000. Mjini nimeonyeshwa besi mpya ambayo jina lake sijawahi kulisikia; inang'aa, ina mfuko wake, na muuzaji anataka fedha yote. Ipo pia besi ya Yamaha ya kanisa moja linalobadilisha vyombo. Imechubuka rangi na wanaiuza sh. 320,000. Wenzangu wanataka mpya. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Nunua iliyochubuka, kwa sharti kwamba uikague shingo kwanza kwa namna nitakayokueleza, na wauzaji wakubali ukaguzi huo bila kununa. Rangi haipigi muziki.

Waeleze wenzako kwa nini besi za bei ya chini za siku hizi zinaweza kuwa bora kuliko tulizozipata sisi ujanani. Leo shingo ya gitaa la dola 200 huchongwa na mashine inayoongozwa na kompyuta, sawa na shingo ya magitaa mengi yanayouzwa kwa bei mara tano ya hiyo, na viwanda vichache vya Indonesia na China vinatengeneza magitaa ya majina mengi tofauti chini ya paa moja. Kiwanda cha Cort kilichoko Surabaya, kwa mfano, kimetengeneza magitaa yake yenyewe na ya kampuni nyingine kubwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo umbo la besi ya bei nafuu mara nyingi liko sawa. Kinachopunguzwa ili bei ishuke ni saa za kazi ya mkono mwishoni: ncha za freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo, hazisuguliwi vizuri, mifereji ya nyuzi pale chini ya kichwa huachwa na kina kidogo, nyuzi zinazofungwa ni za hali ya chini, na vitufe vya volyumu huanza kukwaruza mapema. Hayo yote hurekebishwa kwa fedha kidogo. Besi inayoishinda bei yake ni ile ambayo kiwanda kimefanya sawasawa yale yasiyorekebishika, kikakuachia wewe yale yanayorekebishika.

Yasiyorekebishika ni machache, na unaweza kuyagundua kwa dakika kumi ukienda na futi ya fundi cherehani na simu yenye programu ya kutuni. Lishike gitaa kama mlenga shabaha, jicho likiwa upande wa daraja, kile chuma cha mwilini kinachoshika mwisho wa nyuzi, utazame ukingo wa shingo kuelekea kichwani. Shingo kupinda kidogo kwa mbele, kama upinde ambao haujavutwa, si kosa, kwa sababu ndani yake mna ufito wa chuma unaoweza kuinyoosha. Lakini ukiona upande wa uzi mnene umeinuka na upande wa uzi mwembamba umeshuka, kama ubao mbichi ulioachwa juani, hiyo shingo imejipota, na besi hiyo usiichukue hata ukipewa bure, maana utaibeba tu.

Halafu pima. Besi nyingi hufuata kipimo alichokiweka Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, alipotoa Precision Bass mwaka 1951, yaani urefu wa uzi wa inchi 34, ambao ni sentimita 86.4. Kutoka pale uzi unapoanzia chini ya kichwa hadi kwenye freti ya 12 inapaswa kuwa nusu yake, sentimita 43.2. Kutoka freti ya 12 hadi uzi mwembamba unapokalia daraja inapaswa kuwa kiasi hicho hicho au kuzidi kwa milimita mbili tatu. Ukikuta daraja limekosewa kwa sentimita nzima na skrubu zake ndogo haziwezi kufidia tofauti hiyo, basi besi hiyo haitakaa kwenye sauti milele. Utatuni nyuzi zikiwa wazi, na ukipanda juu ya shingo kila noti itakuwa ya uongo. Nimewahi kukuta kosa hilo kwenye gitaa jipya lenye mfuko mzuri sana.

Mwisho bonyeza kila freti kwenye kila uzi, moja baada ya nyingine, bila haraka na bila aibu, hata kama muuzaji anaangalia saa. Sikiliza palipokufa, yaani noti isiyodumu au inayotoa sauti ya freti jirani. Zungusha vikazio vyote vinne vya kichwani, vile vya kutuni nyuzi, kwenda na kurudi. Kikizunguka robo nzima kabla uzi haujasogea, kimelika, ingawa hicho si cha kuvunja biashara kwa sababu kikazio hubadilishwa. Kisha chomeka waya, ugeuze vitufe. Kukwaruza ni vumbi tu. Sauti ikikatikakatika ukitikisa jeki, ni kazi ya fundi redio ya nusu saa.

Ikipita hapo, mtabaki na sh. 130,000, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuchagua hiyo: mtanunua seti ya nyuzi, waya mzuri na mkanda mpana, na mtamlipa fundi wa kuirekebisha. Anayemaliza fedha zote kwenye gitaa hupiga mwaka mzima kwa nyuzi za kiwandani na waya wa kuazima.

Kuhusu jina geni, sisemi kila jina geni ni baya. Ninachosema ni kwamba jina la kichwani halithibitishi kitu mpaka shingo iseme. Nilipokuwa kijana niliuziwa kwenye duka moja besi yenye jina kubwa la Kimarekani, nikaibeba kwa majivuno hadi kwenye harusi ya kwanza. Kufikia saa nne usiku jasho la kiganja lilikuwa limekwisha kulibandua lile jina, nikabaki na kipande cha karatasi kidoleni na ubao mtupu mbele ya maharusi. La ajabu ni kwamba besi yenyewe haikuwa mbaya. Nilichokasirikia ni kwamba nililipia karatasi.

*Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu na katibu wa kamati ya muziki ya kanisa letu Ukerewe. Tuna sh. 1,200,000 na ndugu yetu mmoja aliyeko Ujerumani atarudi likizo. Mpiga kinanda wetu anasisitiza tununue besi ya nyuzi tano. Tuagize ipi, na je, nyuzi tano ni lazima?*

Amina, mwalimu. Nianze na nyuzi tano, maana hapo ndipo kamati nyingi hupotezea fedha.

Uzi wa tano huwekwa kwa ajili ya noti ya B iliyo chini ya E ya kawaida. E ya besi hutikisika mara 41 kwa sekunde. B ile hutikisika mara 31 hivi. Ili itoke ikiwa safi kwenye urefu wa inchi 34, inahitaji uzi mnene wa inchi 0.130 hivi, shingo imara na daraja zuri, na juu ya hapo inahitaji spika inayoweza kuishusha sauti kiasi hicho. Kwenye besi za bei ya chini uzi huo mara nyingi hulegea na kutoa mngurumo usio na noti, na kwenye spika za kawaida za kanisani hata B nzuri kabisa husikika kama lori linalopita mbali. Kwa fedha ile ile, besi ya nyuzi nne karibu daima ni gitaa bora kuliko ya nyuzi tano, kwa sababu kiwanda kimegawa gharama kwenye vitu vichache. Tena, mkipiga sebene, mpiga besi wenu atakuwa anadunda na kukatisha kati ya freti ya tano na ya 12. Mnong'ono wa chini hautamsaidia. Mpiga kinanda akishikilia msimamo wake, mwambieni ipo njia ya wapigaji wasio na fedha: nunueni besi ya nyuzi nne, kisha mfunge nyuzi nne za chini kutoka kwenye seti ya nyuzi tano, yaani B, E, A na D. Ile mifereji ya chini ya kichwa itapanuliwa kidogo kwa tupa, na mtakuwa mmepoteza G tu.

Sasa majina. Ningekuwa kwenye kamati yenu ningependekeza Yamaha TRBX174 au Ibanez GSR200, ambazo ng'ambo zimezoea kuuzwa kati ya dola 200 na 250 hivi. Zote mbili zina pikapu mbili za aina tofauti (sizungumzii gari, bali vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), ile iliyokatwa vipande viwili kama ya Precision na ile nyembamba ya karibu na daraja kama ya Jazz Bass, besi nyingine ya Fender, kwa hiyo mpiga kwaya na mpiga dansi wote hupata sauti wanayoitaka. Tofauti ni kwamba Ibanez hiyo ina kiongeza-besi kinachotumia betri ya volti 9. Yamaha haina betri, na kwa mahali ambapo betri hiyo huisha katikati ya ibada na duka limefungwa, mimi huona kutokuwa nayo ni faida. Anayetaka kupanda ngazi moja atazame Yamaha BB234, ambayo nayo haina betri, au Squier za mfululizo wa Classic Vibe. Squier ni jina la bei nafuu la Fender tangu 1982. Zile za mwanzo kutoka Japani ziliuzwa kama magitaa ya watu wa kawaida, na leo wakusanyaji huzigombania kwa fedha ambazo wewe na mimi hatuna.

Kwa kuwa ndugu yenu yuko Ujerumani, aitazame pia Thomann, kampuni ya huko huko, ambayo huuza magitaa yake ya Harley Benton moja kwa moja bila mtu wa kati. Ndiyo maana bei yake huwa chini sana kwa kitu unachopata, ingawa ukaguzi wa mwisho hutofautiana gitaa kwa gitaa, na ndugu huyo asiondoke huko bila kuipitisha kwenye ule ukaguzi niliomwandikia kijana wa Igoma. Wakiwa na fedha zaidi kidogo kuna Sire, besi zilizobuniwa kwa kushirikiana na mpigaji Marcus Miller wa Marekani, ambazo kingo za shingo zake zimeviringwa, na mkono huhisi kana kwamba gitaa limeshapigwa miaka kumi. Ila hizo nyingi zina betri, na nimeshasema ninavyoionea betri mashaka.

Usafirishaji. Besi ina uzito wa kilo nne hivi, lakini makampuni ya vifurushi vya ndege hutoza kwa nafasi: huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000. Boksi la 125 kwa 45 kwa 15 linahesabiwa karibu kilo 17. Sasa, shingo za besi karibu zote nilizozitaja hushikwa na skrubu kwa nyuma. Ndugu yenu akilegeza nyuzi, akaitoa shingo na kuilaza kando ya mwili, boksi litashuka hadi 90 kwa 40 kwa 15, karibu kilo 11, na huenda likaingia kama begi lake la kawaida. Mkiifungua Nansio, rudisheni skrubu kwa bisibisi ya mkono na si kwa mashine, na zianze kushika taratibu kwenye matundu yake ya zamani.

*Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 15, Bukoba. Vidole vyangu havifiki kwenye freti za kwanza, na mwalimu ameniambia niache besi nishike kinanda. Kuna besi ya watu wenye mikono midogo?*

Marahaba, binti yangu. Zipo, na usiache. Zinaitwa besi fupi, na uzi wake ni wa inchi 30 badala ya 34. Squier wana moja iitwayo Bronco, na Ibanez wana iitwayo Mikro, fupi zaidi, inchi 28.6, zote ni za bei ya chini. Na kama kuna atakayekucheka, mwambie habari ya Paul McCartney wa Beatles, ambaye mwaka 1961, akiwa Hamburg, alitamani Fender iliyokuwa inauzwa karibu pauni 100, mfuko ukakataa, akanunua Höfner fupi kwa pauni 30 hivi. Rekodi za mwanzo za kundi lile zimepigwa kwa besi hiyo. Iliibwa London mwaka 1972, na ilipopatikana zaidi ya miaka 50 baadaye ilikuwa habari ya dunia nzima.

Kabla hamjatumia fedha, hata hivyo, mwombe mwalimu aishushe nyuzi za besi mliyo nayo, ufupishe mkanda ili gitaa likae kifuani na si mapajani, na ukifika kwenye freti tatu za kwanza tumia kidole cha kwanza, cha pili na cha mwisho, ukiacha kile cha pete kisaidie tu. Wapigaji wa gitaa kubwa la besi la kusimama wamefanya hivyo miaka mingi. Mkinunua fupi, mkumbuke nyuzi zake huuzwa kwa kipimo chake. Za besi ndefu zikikatwa hufumuka kwenye kikazio.

*Mwalimu, habari za kazi. Nilinunua besi ya sh. 400,000 mwaka jana. Nyuzi ziko juu mpaka vidole vinauma, na bado freti za kwanza zinalia vyuma. Niliyemwonyesha amesema hiyo ni besi ya wanafunzi, niuze ninunue ya maana. Niko Sengerema.*

Nzuri, ndugu yangu. Usiiuze. Dalili ulizozitaja ni za gitaa ambalo halijawahi kurekebishwa tangu litoke kwenye boksi, na utaweza kuzimaliza mwenyewe jioni moja. Na ukishindwa, niletee, maana tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025 huna tena kisingizio cha foleni ya kivuko.

Tuni kwanza, kwa sababu shingo hupimwa ikiwa imebeba mvuto wa nyuzi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ubonyeze pale shingo inapokutana na mwili. Uzi sasa umekuwa rula. Mwambie mtu apitishe karatasi kati ya uzi na freti ya saba: karatasi tatu za kawaida za kuchapia, ambazo pamoja ni milimita 0.3 hivi, zinapaswa kupita zikigusagusa. Kama hata moja haipiti, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kwa nyuma, na hiyo ndiyo sababu freti za kwanza zinalia hata nyuzi zikiwa juu. Kama kadi ya benki inapita, ambayo ina unene wa milimita 0.76, shingo imepinda mno kwa mbele.

Ufito wa ndani ya shingo hugeuzwa kwa alenki, kwa kawaida kutokea kichwani chini ya kifuniko kidogo au kutokea upande wa mwili. Kugeuza kulia hunyoosha shingo, kugeuza kushoto huilegeza ipinde kwa mbele. Kwa dalili zako huenda utageuza kushoto. Robo ya mzunguko, basi. Tuni tena, subiri, pima tena. Nisikilize hapa kwa makini: nimeletewa shingo iliyopasuka ubao wa vidole na mtu aliyekaza ufito huo kama nati ya gurudumu la pikipiki, na hiyo haikuwa na dawa. Ufito ukiwa mgumu kugeuka, acha, uvuke daraja uje.

Baada ya shingo, njoo kwenye kimo cha nyuzi. Chukua rula ya mkebe wa hesabu, uisimamishe juu ya freti ya 12. Chini ya uzi mnene lenga milimita 2.5, chini ya mwembamba milimita 2. Kila uzi una kipande chake kwenye daraja chenye skrubu mbili ndogo; ziteremshe sawasawa pande zote mbili ili kipande kisilale upande. Ukisikia chuma kikilia kwenye freti zote za juu, umeshusha mno, pandisha kidogo. Kikilia mahali pamoja tu, freti moja imeinuka, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye tupa na uvumilivu, si wewe.

La mwisho ni urefu wa kila uzi. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, utoe ile sauti nyembamba kama kengele, kisha bonyeza freti hiyo hiyo upige kwa kawaida. Programu ya kutuni ikionyesha noti iliyobonyezwa iko juu, rudisha kipande cha daraja nyuma kiwe mbali na shingo. Ikionyesha iko chini, kisogeze mbele. Jambo hili dogo ndilo linaloitofautisha besi "ya wanafunzi" na "ya maana" masikioni mwa watu wengi, kwa sababu besi isiyokaa kwenye sauti huifanya kwaya nzima isikike kama haijafanya mazoezi. Rudia yote haya mvua za masika zinapoanza na zinapokwisha, maana mti hunyonya unyevu na shingo hujongea kidogo. Wala usiliache gitaa kwenye gari lililoegeshwa juani.

*Besi yetu ni nzuri mikononi lakini tukiichomeka kwenye mikisa ya kanisa inatoka nyembamba kama gitaa la solo, tena inaunguruma. Amplifaya ya besi hatuna. Musoma.*

Besi isiyo na betri hutoa umeme mdogo sana na haipendi kuchomekwa kwenye tundu la mikisa lililotengenezwa kwa ajili ya kinanda. Tundu hilo huunyonya na sauti hufifia. Kinachohitajika ni kiboksi kidogo kiitwacho di-ai, kinachokaa kati ya gitaa na mikisa na kupeleka sauti kwa waya ule ule wa maikrofoni. Kwa besi isiyo na betri chagua di-ai inayotumia umeme, ambayo huupata kwenye mikisa kwa kuwasha ile swichi ya volti 48. Behringer DI100 ni ya bei nafuu na nimeona nyingi zikidumu. Kwa besi yenye betri, di-ai rahisi isiyotumia umeme inatosha. Kwa anayepanga bajeti ya kanisa, kiboksi hiki kinaboresha sauti kuliko kuongeza laki mbili kwenye bei ya gitaa.

Kisha angalieni spika. Zile nyembamba ndefu za waimbaji hazitashusha E hata mkizipigia magoti. Itafuteni moja ya inchi 15 kwa ajili ya besi na ngoma.

Mkifikiria kununua amplifaya iliyotumika, someni kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka. Nyingi kutoka Japani ni za volti 100, za Marekani volti 120, na umeme wetu ni 230. Bila transfoma ya kushusha, mtanusa moshi kabla hamjasikia noti. Kuhusu muungurumo, ukikoma mnapogusa nyuzi, hilo ni jambo la kawaida la pikapu na halina hatari. Lakini mpiga besi akishika nyuzi na kupigwa shoti mdomoni anapoikaribia maikrofoni, zimeni kila kitu siku hiyo hiyo, na fundi umeme akague waya wa ardhini wa jengo kabla mtu yeyote hajapiga tena.

*Nyuzi za besi ni ghali kuliko chakula cha wiki. Ni kweli zinachemshwa? Na za kubapa ni bora? Nyegezi.*

Zinachemshwa, na inasaidia. Uzi wa besi hufa kwa sababu jasho na vumbi hujaa kati ya mizunguko ya waya wa nje. Maji yanayochemka kwa dakika kumi huyatoa, sauti ikarudi kung'aa kwa wiki chache. Maji matupu, bila sabuni, kisha uzianike mpaka zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha.

Zile zilizobapa, yaani zilizozungushiwa waya bapa, hazina mianya ya kujaa uchafu, kwa hiyo hazichemshwi, na hudumu miaka. Zina sauti ya giza, ya kudunda, inayokaa vizuri chini ya kwaya na chini ya dansi la zamani. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, kwa kidole kimoja na Precision ya 1962, alitumia za namna hiyo na hakuwa mtu wa kuzibadilisha. Seti moja ni ghali zaidi siku ya kununua, lakini gawanya bei hiyo kwa miezi utakayoitumia ndipo uamue. Kwa sebene la kukatakata wengi bado wanapenda zile za mviringo.

Ukizichemsha, angalia jambo moja: zitoe kwenye vikazio bila kuinyoosha ile mikunjo ya mwisho, uzitumbukize zikiwa na mikunjo yake, na uzirudishe kwenye kikazio kile kile kwa mzunguko ule ule. Uzi hukatika pale ulipokunjuliwa na kukunjwa tena, na hukatika siku ya harusi.